Nilipokonda Walianza Kunizika

Kama una bonge chini ya ngozi, pajani au tumboni, linauma, linawaka moto hata kanga ikiligusa unashtuka, na watu wa nyumbani wanakwambia ni baridi, usiwasikilize. Nenda ukatazamwe. Na ukifika huko wakakwambia upake poda urudi nyumbani, usirudi. Kaa papo hapo mpaka apatikane mtu wa kukukata kipande akitazame. Mimi niliambiwa nipake poda. Leo nikikaa, mapaja yangu yana mashimo, ndimu inaweza kulala humo isianguke.

Naandika nikiwa mzima, na sitaki pole ya mtu. Pole nilipewa nyingi, tena nilipewa wakati napona. Nilipokuwa nakufa nilipewa hongera.

Jina langu Maimuna. Ni mtu wa Malindi, nimesoma mpaka kidato cha nne, na mwaka niliomaliza shule ndio mwaka nilioolewa. Mume wangu Twalib kwao Mambrui, na kazi yake ni kuhudumia watalii mezani katika hoteli moja ya pwani. Nilipomzaa mwanangu Rehema, mavyaa wangu, yaani mama yake Twalib, alihamia kwetu kuja kunitunza arubaini. Aliyekaa arubaini za kwetu anazijua. Unafungwa mkaja tumboni, unakandwa, hutoki nje, na unalishwa. Alfajiri uji wa pilipili manga. Baadaye supu ya kuku. Mchana bokoboko, samli inaelea juu mpaka huioni ngano wala nyama. Sahani isiporudi tupu, Mama anakaa kizingitini anakutazama.

"Mama, nimeshiba."

"Mwenye kunyonyesha hashibi. Kula. Watu wakija wakikukuta umekaa kama ukuni watasema mwanangu ana njaa."

Nikala. Arubaini zikaisha, kulishwa hakukuisha. Mama hakurudi kwao. Kila asubuhi alikuwa amekwishaamka kabla yangu, sufuria iko motoni. Nikawanda. Pete ya ndoa ikabidi itolewe kwa sabuni, magauni yakafumuliwa, kisha yakagawiwa. Nikipita mtaani wanawake wananishangilia. "Maimuna, mashallah! Huyo Twalib anakulisha nini? Tuambie nasi tukawadai wetu!" Twalib akisikia hivyo anatembea kifua mbele. Na huyo huyo, kazini kwake, anawapelekea wazungu matango na maji ya ndimu kwa sababu wamekuja Malindi kupunguza matumbo.

Bonge la kwanza lilitoka wakati wa kaskazi, joto limeshika, Rehema ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Lilitoka paja la kushoto, kubwa kama ndimu, gumu, ngozi ya juu imeiva rangi ya zambarau. Nilidhani jipu. Likaja la pili, likaja la tatu, mengine tumboni chini ya kitovu. Homa ikanipanda jioni, ikashuka asubuhi, ikapanda tena. Mtoto akinipanda mapajani nilikuwa napiga kelele, naye anacheka akidhani ni mchezo.

"Ni jicho," akasema Mama. "Umenawiri, watu wamekuhusudu. Mimi nilijua."

Likaletwa kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Sina ugomvi na kombe. Ugomvi wangu ni kwamba juu ya kombe niliongezewa bakuli la supu, ati nipate nguvu ya kupambana na jicho.

Nilikwenda zahanati. Sitaitaja. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na bwana aliyekuwa ndani hakuinuka kitini. Alinitazama tangu utosini mpaka miguuni.

"Mama, wewe umenenepa. Paja linasuguana na paja. Paka poda, vaa nguo za pamba."

"Na haya ya tumboni, yanasuguana na nini?"

Akamwita anayefuata. Nikarudi tena, nikapigwa sindano, na pale palipopigwa sindano pakatoka mengine. Nikarudi mara nyingine, na siku hiyo bonge la kwanza likapasuka, nimekaa papo hapo kwenye benchi. Nikahisi kitu cha moto kinashuka. Nikadhani ni usaha. Nikafunua kanga kidogo nikatazama: hapakuwa na usaha. Palikuwa na kitu cha njano, chepesi, kinateleza, sawasawa na samli iliyoyeyushwa. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu akamvuta mtoto wake, akahamia benchi la pili. Nilikaa peke yangu, benchi zima, na mafuta yangu mwenyewe yanatona sakafuni. Tangu siku hiyo sijatia samli mdomoni. Wewe unayesoma, chukua kanga mbili ukienda, moja ya kukalia, moja ya kurudia.

Hapo ndipo mama yangu mzazi, ambaye ni mjane na anauza mahamri na mbaazi mlangoni kwake, alipofunga biashara akanichukua Mombasa. Masika yalikuwa yameanza. Pale Kilifi tulisimama kwenye mvua tukisubiri feri, na nguo imeshikana na vidonda. Mama yangu akawa ananishika kiuno, kila mtu akinisukuma anamgeukia. "Wewe! Huoni mtu mgonjwa? Au umelewa?"

Hospitali tulisubiri siku kadhaa kabla ya kuonwa. Daktari alikuwa mwanamke, mwembamba, hana tabasamu hata la kuazima. Akaniganzisha paja, akakata kipande cha nyama na mafuta yake kidogo kama punje ya mbaazi, akakipeleka maabara. Nikalazwa wodini kusubiri. Aliporudi alisema nami kama anayesomea mtu hesabu.

"Tumekitazama kwa hadubini. Si uchafu na si jipu. Damu ina chembe nyeupe, ndio askari wa mwili. Zako zimeingia ndani ya mafuta, zimeyazunguka, zinayala."

"Nani kazituma?"

"Hatujui."

"Mtazitoaje?"

"Nitakupa vidonge vya kuzituliza. Halafu utapunguza unene. Mafuta yakiwa mengi, moto huu hauishiwi cha kuchoma."

Nilimchukia kwa vile hakunipa pole. Baadaye nikafahamu kwamba ndiye mtu wa kwanza tangu niugue aliyeniambia hajui. Wengine wote walijua. Mengine ya chembe na askari waulize madaktari, mimi nayajua hayo tu na yalinitosha.

Vidonge vilikuwa vidogo, vyeupe, vichungu. Nikaambiwa nimwachishe Rehema ziwa, nikamwachisha, maziwa yakanivimbia kifuani kama hayakutosha yaliyovimba kwingine. Mabonge yakaanza kulala. Lakini hakuna aliyeniambia vidonge vile vina njaa ndani yake. Nilikuwa naamka nimeshika kipande cha mkate na sikumbuki nilikichukua wapi. Uso ukawa duara kama andazi, macho yakazama, kidevuni nywele, nyuma ya shingo nundu kama ya ng'ombe. Nikijitazama kwenye kioo nilikuwa namtafuta Maimuna simwoni.

Na Mama, mavyaa, alifurahi! Aliita majirani waje wanione. Nilikalishwa kwenye baraza ya ndani nikavalishwa leso mpya.

"Alhamdulillahi, dawa imemkubali. Tazameni mashavu haya!"

"Amependeza, mashallah."

Nilikuwa siwezi kupanda ngazi tatu za nyumba yangu bila kushika ukuta. Nilipendeza.

Kusi ilipoanza kuvuma daktari akaanza kunipunguzia vidonge, kidogo kidogo, na akanikumbusha yale ya unene. Nikamwambia Mama kwamba tangu leo nitajipikia mwenyewe. Alinitazama kama niliyemtukania marehemu mumewe. Nikawa nala samaki wa kuchemsha, mchicha, kipande cha muhogo. Alfajiri natoka naenda kwa miguu mpaka karibu na kiwanja cha ndege na kurudi, buibui limelowa jasho. Na bado uzito haushuki. Nikashangaa mpaka siku moja nikaingia jikoni bila kupiga hodi, nikamkuta Mama anautilia uji wangu samli kwa upawa, halafu anaukoroga haraka haraka.

Nikaichukua sufuria nikaimwaga uani, mbele yake. Kuku wakaja wakala.

Twalib aliporudi alikuwa ameshaambiwa. "Umemwaga chakula cha mama yangu?"

"Nimemwaga ugonjwa wangu. Chakula cha mama yako kiko kabatini, nenda ukale."

"Anakupenda yule!"

"Basi mwambie anipende kwa maji."

Wakati wa vuli nikaanza kukonda kweli. Nundu ikashuka, uso ukarudi, nikaanza kuona mifupa ya vifundo vya miguu yangu. Mabonge yakaisha yote, yakaacha mashimo. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nimalize kidato cha nne. Nikatoka kwenda dukani nimejipamba, nimejitia wanja, nangoja nishangiliwe kama zamani.

Hakuna aliyeshangilia. Wanawake wakanyamaza mpaka nikapita. Muuza duka, aliyekuwa kila siku ananipa mkononi na mzaha juu yake, akaniwekea sukari juu ya meza akarudi nyuma. Redio ilikuwa imeanza kuutaja ukimwi, na mtaani petu watu walikuwa wameshika dalili moja tu kati ya zote zilizotajwa. Kukonda.

Wale waliokuwa wakiuliza ninalishwa nini wakaanza kuuliza ninaumwa nini hasa. Pole zikamiminika. "Pole, Maimuna. Mungu ndiye mjuzi." Wananipa pole wako mbali, kichwa kimeinama upande, kama watu waliokuja matangani. Nikaingia nyumbani nikakuta kikombe kimoja kimefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio, na sahani moja imewekwa peke yake juu ya dirisha.

"Mama, uzi huu wa nini?"

"Usafi tu, mwanangu. Kila mtu na chake."

"Chako kina uzi wa rangi gani?"

Akachukua ufagio akatoka uani. Jioni nilipokata samaki nikampa Rehema tonge, mtoto hakufungua mdomo. Alimtazama bibi yake kwanza. Bibi yake akatikisa kichwa, kidogo sana. Mtoto akaufumba mdomo kabisa. Nimeumwa mimi, nimekatwa, nimechomwa sindano mpaka mahali pa kuchoma pakawa hapana. Hakuna kilichoniuma kama mdomo ule.

Nikamkabili Twalib.

"Watu wanasema," akaanza.

"Wanasema nini? Taja."

"Unajua."

"Nataka kukusikia wewe."

"Ugonjwa huu wa siku hizi."

"Haya. Na kama ninao, nimeutoa wapi? Mimi nimetoka humu ndani nikaenda hospitali, nimetoka hospitali nikarudi humu ndani. Wewe ndiye unayekuja asubuhi unanukia manukato ya watu wengine."

Akatazama chini. Kisha akasema, "Niletee cheti cha damu."

Kaskazi iliporudi nilikwenda Mombasa kutazamwa. Niliporudi nilikuta nguo za Rehema hazipo, mkeka wake umekunjwa, na Mama hayupo. Mtoto amepelekwa Mambrui. Twalib alikuwa ameketi kitandani.

"Ni kwa usalama wake. Ukileta cheti tutazungumza."

Nikachukua mavazi yangu nikaenda kwa mama yangu.

Safari iliyofuata daktari aliniona sili wala sisemi, akamuuliza mama yangu kulikoni, akaambiwa. Akachukua kalamu. "Damu yako tulikwishaipima. Nitakuandikia, uwaonyeshe."

Nikamwambia asiandike.

Mama yangu alikasirika kweli kweli. "We mtoto una wazimu? Si uchukue tukamalize?"

Sikuchukua, na nataka ujue kwa nini. Nilipolazwa wakati wa masika, kitanda cha kando yangu alilala msichana wa Kaloleni, mwalimu wa chekechea, naye alikuwa nao ugonjwa huo, alijua na wodi nzima ilijua. Ndugu zake walikuwa wanaacha chakula mlangoni wanakimbia. Siku ambazo sikuweza kuinuka kwa vidonda vya ngozi ya tumbo, yeye ndiye aliyekuwa akiniletea maji, akinishika kichwa ninywe, amekonda mikono kama vijiti, na wauguzi wanapita tu. Sasa nitoe karatasi niseme mimi si kama yule, mimi ninaruhusiwa kula na mtoto wangu? Na yeye, angekuwa na mtoto, asile naye? Sitaki. Mtoto ni wangu nikiwa nao na nikiwa sina.

Nilikwenda Mambrui nikaambiwa mlangoni mtoto amelala. Nikaenda tena nikaambiwa ana mafua, nisimwongezee. Nilikuwa namsikia akicheka uani. Ramadhani ikapita. Mwezi wa mfungo mosi nikasikia wifi yangu Zahra anaolewa. Sikualikwa. Lakini siku ya arusi mlango haufungwi, na hiyo ndiyo siku niliyokuwa nangoja. Mto Sabaki ulikuwa umejaa, maji mekundu kama chai, nikavuka darajani na mama yangu.

Wanawake walikuwa wamekaa chini, sinia zimeletwa, pilau inafuka. Nikavua buibui, nikachagua sinia yenye nafasi, nikakaa. Wakasogea. Mavyaa akanitokea mlangoni kwa haraka.

"Maimuna, karibu. Chako kiko jikoni, nimekutengea."

Aliyasema kwa upole, wote wasikie.

"Ahsante, Mama. Changu ni hiki."

Nikatia mkono. Mikono yote iliyokuwa sinia ile ikatoka kwa pamoja. 

Mkuu wa sinia ile alikuwa Bi Nuru, mama yake marehemu baba wa Twalib, yaani mavyaa wa mavyaa wangu. Kikongwe, jino hana hata moja, na hakuna aliyemjua akamsifu kwa jambo jingine isipokuwa ulafi. Alitazama mikono ilivyotoka, akatazama nyama.

"Mmeshiba nyote?" akauliza. "Nyama yote hii mmeniachia? Haya, Maimuna, nichambulie. Mie sina meno. Hapo, hapo penye mafuta."

"Bibi, ngoja nikuletee kijiko," akasema mavyaa.

"Kijiko cha nini? Umeniona mzungu? Mtoto ana vidole. Mie mwakani sijui kama nipo, nife kwa njaa kwa kuogopa vidole? Nilishe, mwanangu."

Nikachambua nyama nikamtia mdomoni. Akatafuna kwa ufizi, amefumba macho, akafungua tena. Nikamtia. Akanilamba mafuta yaliyobaki kidoleni, na mwanamke mmoja nyuma yangu akasema "Yarabi!" Mavyaa amesimama papo hapo, hawezi kumkataza, maana yule ni mkwe wake, na nyumba imejaa wageni. Siwezi kudai kwamba Bi Nuru alinitetea. Alitaka nyama. Nilimshukuru hivyo hivyo.

Alipotosheka nikanawa, nikainuka, nikaenda uani kwa watoto. "Rehema."

Akanitazama. Alikuwa amevaa gauni la manjano nisilolijua.

"Wewe nani?" akaniuliza.

Miezi yote hiyo aliyemlisha na kumlaza ni bibi yake, na ndiye aliyezoea kumwita mama. Nikambeba. Akapiga mayowe, akanipiga mateke ya mbavu, analia "Nataka mama! Nataka mama!" na mama anayemtaka amesimama mlangoni ameuziba.

"Mtoto ana kwao," mavyaa akasema.

"Twalib yupo nje na wanaume. Mwite aje anitoe mtoto mkononi yeye mwenyewe, mbele ya watu hawa."

Akaitwa. Tukangoja. Mama yangu akasimama karibu yangu, ameufunga mtandio kiunoni kama anayekwenda kugombana, na alikuwa tayari. Twalib hakuja. Mavyaa akapisha.

Sasa nisikudanganye kwamba yaliisha hapo. Twalib hajanipa talaka wala hajanitaka. Mabonge mawili yalirudi mwaka huu, madogo, nikaenda mapema, yakalala. Mashimo hayajai. Mtaani wapo wanaonipa mkono na wapo wanaonisalimu kwa mbali, nimewaacha. Na Rehema kwa muda mrefu hakuwa na jina la kuniita. Alikuwa anasema "wewe." Wewe, nataka maji. Wewe, funga kiatu. Usiku akiota alimwita mama, na mimi nilijua si mimi. Nilimpa maji, nilifunga kiatu. Sikumfundisha neno.

Juzi nilikuwa jikoni nakoroga mbaazi za biashara. Nje watoto wakaanza kugombana, mtoto wa jirani amemnyang'anya Rehema kigari cha makopo. Nikasikia sauti yake imepanda: "Nitakusemea kwa mama yangu!"

Nikaacha kukoroga. Mambrui ni mbali, nikasema moyoni, atakusikia wapi huyo?

Viatu vikaja vinapiga sakafu. Akasimama mlangoni, machozi na makamasi, ananitazama mimi.

"Mama! Njoo umpige!"

Nikatoka na mwiko mkononi.